Tukienda Kampala, Tutazame Nini?

Hakuna mji wa ng'ambo ya mpaka unaojulikana kwa watu wa Butembo na Beni kuliko Kampala. Kinshasa ni mji wetu mkuu, lakini wengi wetu tunaujua kwa redio tu, maana barabara ya kutufikisha huko haipo, na tiketi ya ndege ni sawa na mtaji wa duka. Kampala ni safari ya basi. Unatoka Butembo, unapita Beni, unashuka hadi Kasindi, unavuka mto Lubiriha na kuingia Mpondwe, kisha zinabaki kilomita zaidi ya 400 za lami. Wafanyabiashara wetu huziendea vitenge, mitumba na vipuri vya pikipiki. Wagonjwa huziendea hospitali. Na kila mwaka, mwezi wa Mei unapokaribia kwisha, wahujaji hujiandaa kwa ajili ya Namugongo.

Basi nauliza: hao wote warudipo, wanatuletea habari gani? Tunasikia bei za bidhaa, thamani ya dola, usumbufu wa forodha, chumba cha hoteli kilichokuwa na maji ya moto. Na siku hizi, kwa sauti ya chini, tunasikia habari za kasino.

Kampala ya leo ni mji wa starehe, wala hauoni haya kuwa hivyo. Kule Munyonyo kuna hoteli kubwa za kando ya ziwa. Katikati ya mji kuna kasino ambazo usiku hazifungi. Na karibu kila njia panda ina nyumba ya kubashiri matokeo ya mpira. Mnamo Januari 2019 serikali ya Uganda ilitangaza kwamba haitatoa tena leseni mpya kwa makampuni ya kubashiri, lakini mashine hazijanyamaza. Wala si vigumu kuelewa jinsi mtu wetu anavyonaswa. Amemaliza ununuzi, lori litapakia kesho, ana jioni nzima isiyo na kazi na dola zilizofungwa kiunoni. Katekisimu ya Kanisa haisemi kwamba kila mchezo wa bahati ni dhambi. Inasema mchezo huo huwa uovu pale unapomnyang'anya mtu kilicho cha lazima kwake na kwa wanaomtegemea, na inaonya kwamba tamaa ya kamari inaweza kumfanya mtu mtumwa. Pesa za likelemba ni za lazima kwa watu ishirini. Mwenye kuzibeba hana ruhusa ya kuzichezea.

Lakini mahubiri juu ya kasino tunayo tele, nami sitaki kuongeza jingine. Linalonisumbua ni kwamba mtu wetu huingia pale kwa sababu hakuna aliyemwambia kuwa mji ule una mahali pengine pa kwenda. Tangu ujana wetu tumeufahamu Kampala kama soko. Hata soko lenyewe tunalipita tumefumba macho. Lile soko kubwa ambalo watu huliita Owino, ambako wengi wa watu wetu hununua nguo, jina lake rasmi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe. Yosefu Mukasa Balikuddembe alikuwa mtumishi mkuu katika jumba la Kabaka Mwanga, na aliuawa tarehe 15 Novemba 1885, wa kwanza kati ya mashahidi Wakatoliki wa Uganda. Ni nani kati ya wachuuzi wetu aliyewahi kufunga robota lake pale akijua kwamba amesimama chini ya jina la shahidi?

Pendekezo langu kwa shirika letu la walei ni dogo. Kila basi la hija litakaloondoka kwetu kwenda Namugongo liongeze siku moja, na siku hiyo iwe ya kutazama: asubuhi Nyumba ya Makumbusho ya Uganda, alasiri makaburi ya wafalme kule Kasubi. Najua pingamizi zitakazoletwa, nami nitazijibu kadiri niwezavyo.

Nyumba ya Makumbusho iko kwenye kilima cha Kitante, kando ya barabara ya Kira. Ilianzishwa mwaka 1908, na mwanzoni vitu vyake viliwekwa katika ngome ya Lugard, juu ya kilima cha Old Kampala. Wenyeji waliiita Enyumba ya Mayembe, yaani nyumba ya pembe za waganga, kwa kuwa sehemu kubwa ya vilivyokuwamo vilikuwa vitu vya uganga na matambiko. Baadaye ilihamia Makerere, na tangu mwaka 1954 imekaa katika jengo la sasa. Humo ndani utaona ngoma za kila namna, zeze, filimbi na pembe zilizokusanywa kwa bidii kubwa na mwanamuziki Klaus Wachsmann alipokuwa msimamizi wake. Utaona kazi za wahunzi, vyungu, nguo za magome ya miti. Na nyuma ya jengo zimejengwa nyumba za kienyeji za makabila mbalimbali, mtu aweza kuinama na kuingia. Mkonzo wa Kasese na Munande wa Beni ni ndugu, mpaka uliwakuta tayari ni ndugu. Mtu wetu akitazama vyungu na majembe yale hatakuwa mgeni.

Pingamizi la kwanza hutoka kwetu sisi wenyewe tunaofundisha dini. Wako wanaosema kwamba nyumba ya namna ile ni makao ya mapepo, na kwamba Mkristo hana shughuli mbele ya pembe za waganga. Nawaheshimu wanaosema hivyo, kwa maana wengi wao wameona uchawi ukivunja nyumba za watu. Hata hivyo nawaomba watafakari jambo hili. Mwanzoni mwa karne ya 20, mabaki ya Kibuuka, aliyeabudiwa na Waganda kama mungu wa vita, yalifika mikononi mwa mmisionari Mwanglikana, John Roscoe. Hakuyatia motoni. Aliyapeleka Uingereza, katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Cambridge, nayo yalirudishwa Uganda mwaka 1962. Mwezi wa Juni 2024 Cambridge hiyohiyo ilirudisha vitu vingine 39. Sasa linganisha na yaliyotupata sisi. Babu zetu walipobatizwa waliambiwa wachome vitu vya kale, nao wakatii kwa moyo mnyofu; katika miaka ileile wazungu wengine walivifunga vitu kama hivyo katika masanduku na kuvipeleka Ulaya. Leo mjukuu wa aliyechoma, akitaka kujua babu yake aliamini nini kabla ya ubatizo, hana budi kumwuliza mjukuu wa aliyefunga sanduku.

Mimi naona kitu kilichowekwa katika kioo, chenye kibandiko cha jina na mahali kilikotoka, hakiabudiwi na mtu. Kinasomwa. Na katekista asiyejua wazee wake waliabudu nini atawezaje kuwaeleza wakatekumeni walichokiacha?

Kasubi ni jambo zito zaidi, nami nitakaa hapo kidogo.

Mwaka 1882 Kabaka Muteesa wa Kwanza alijenga juu ya kilima cha Kasubi jumba kubwa la miti, matete na nyasi, na alipofariki mwaka 1884 alizikwa humo. (Katekista asipite jina la Muteesa bila kukumbuka kwamba Biblia ilisomwa katika baraza lake kwa Kiswahili, na msomaji hakuwa padre: alikuwa Dallington Maftaa, kijana aliyelelewa katika shule ya wamisionari wa Zanzibar, aliyebaki kule baada ya Stanley kupita mwaka 1875.) Jumba hilo, Muzibu Azaala Mpanga, liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Wamelazwa humo wafalme wanne: Muteesa wa Kwanza, Mwanga wa Pili, Daudi Chwa wa Pili na Muteesa wa Pili.

Soma tena jina la pili. Ni yule Mwanga ambaye kwa amri yake Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Wahujaji wetu husafiri siku mbili kuwaheshimu mashahidi. Wanaingia katika Basilika ile yenye umbo la nyumba ya kienyeji na nguzo 22, nguzo moja kwa kila shahidi Mkatoliki. Wanateka maji, wanaimba, wanarudi nyumbani. Aliyewaua amelala upande wa pili wa mji uleule, nao hawajui. Ukiwauliza Mwanga aliishiaje, watakujibu kwamba bila shaka alikufa vibaya.

Ukweli ni kwamba alikuwa kijana wa miaka kama kumi na sita alipotawazwa. Alipinduliwa mwaka 1888, akarudi mwaka uliofuata, akawaasi Waingereza mwaka 1897, akakamatwa mwaka 1899 na kupelekwa uhamishoni visiwa vya Shelisheli. Huko alibatizwa na Waanglikana, akaitwa Danieli. Alifariki mwaka 1903, na mwaka 1910 mwili wake ulirudishwa ukazikwa Kasubi kwa heshima ya kifalme. Mwenye kuwaua Wakristo alikufa akiwa Mkristo. Katika miaka yangu yote ya kufundisha sijapata somo la huruma ya Mungu lenye kugonga moyo wa kijana wa Beni kuliko hili, kwani kijana wa Beni anawajua wauaji, na swali la kama muuaji anaweza kuoshwa kwake si la kitabuni. Wako wanaokasirika nikilieleza. Nami sipendi kuwalazimisha wasikasirike.

Tarehe 16 Machi 2010 jumba lile liliteketea. Waganda walilia barabarani. Kisha likaanza kujengwa upya, polepole, kwa miaka zaidi ya kumi, kwa msaada wa UNESCO na wa nchi ya Japani, lakini hasa kwa mikono ya watu walio na haki ya kazi hiyo: kuezeka ni wajibu wa ukoo wa Ngeye, na vijana wa ukoo huo ilibidi wafundishwe na wazee waliokuwa bado hai. Ndani, pete za paa ni 52, kwa hesabu ya koo za Buganda. Mnamo Septemba 2023 UNESCO ililiondoa jumba hilo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mgeni anavua viatu mlangoni, anaketi juu ya mkeka, anasikiliza. Hakuna anayemlazimisha kusujudu.

Pingamizi la pili ni la wafanyabiashara, nalo ni fupi: hayo yote yanaleta faida gani? Waganda nao waliulizwa hivyohivyo. Mwaka 2011 ulitangazwa mpango wa kujenga jengo la biashara la ghorofa 60 katika kiwanja cha Nyumba ya Makumbusho. Raia na mashirika yao walipinga, wakafika hata mahakamani. Na makumbusho yapo hadi leo. Napenda wafanyabiashara wa Butembo, ambao nawaheshimu kwa kuwa wamejenga mji bila msaada wa serikali, waijue habari hii. Tungekuwa sisi, kiwanja kile kingeuzwa kabla ya mvua kuanza.

Huenda mtu akasema kwamba Waganda wana cha kutunza, nasi hatuna. Hapo ndipo nawaomba wahujaji, basi linapokaribia Kasindi, watazame upande wa kusini. Kilomita chache kutoka barabara ile, ndani ya Hifadhi ya Virunga, mto Semliki unatoka katika ziwa Edward, mahali paitwapo Ishango, katika teritwari yetu ya Beni. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba pale, akapata mfupa mdogo wa mnyama, urefu wake kama kidole kirefu, umepachikwa kipande cha jiwe kwenye ncha, nao una mikato iliyopangwa katika safu tatu. Wataalamu wanaukadiria kuwa na umri wa miaka 20,000 hivi au zaidi. Katika safu moja kuna mikato 11, 13, 17 na 19. Katika nyingine 11, 21, 19 na 9. Jumlisha kila moja: utapata 60 na 60. Safu ya katikati inatoa 48. Wengine husema ni hesabu, wengine husema ni kalenda ya mwezi, ubishi haujaisha. Lakini duniani kote, anayefundisha historia ya hesabu hulitaja jina la Ishango.

Mfupa huo uko Brussels, katika Makumbusho ya Sayansi Asilia. Mtoto wa Kibelgiji anapelekwa na mwalimu wake kuutazama. Mtoto wa Kyavinyonge, aliyezaliwa kando ya ziwa lilelile, anamaliza shule ya msingi bila kulisikia jina la Ishango darasani, na mwalimu wake naye hakulisikia katika shule ya ualimu. Nasema hivyo kama mtu aliyepita katika shule hizo. Nchi yetu ilifungua Makumbusho ya Taifa huko Kinshasa mwezi wa Novemba 2019, jengo zuri lililotolewa na Korea ya Kusini, nasi tunafurahi. Lakini kwa mtoto wa Kyavinyonge, Kinshasa na Brussels ziko mbali sawasawa.

Haya yangekuwa mazungumzo ya watu wenye nafasi, kama tungekuwa na amani. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wanauawa kwa mapanga na bunduki, na vijiji vinachomwa. Tunahesabu maiti, na ni haki kuanza na maiti. Hatuhesabu kinachoungua pamoja na nyumba: kadi za ubatizo, picha ya harusi ya babu, kigoda, chungu cha kuchachushia ndizi, daftari ambamo katekista wa zamani aliandika majina ya wakatekumeni wake wa kwanza. Mzee aliyekimbia kutoka Eringeti au Mbau, leo amepanga chumba kimoja Butembo, hana tena mahali pa kumwonyesha mjukuu wake kaburi la ukoo. Akifa mwaka huu, anaondoka na majina ya vilima. Mjukuu wake ana simu, na katika simu hiyo kuna mchezo wa kubashiri.

Tunawajua mashahidi wa Uganda kwa majina kwa sababu watu walionusurika, kama Denis Kamyuka, waliulizwa waliyoyaona, na maneno yao yakaandikwa wangali hai. Bila kalamu hizo Papa Benedikto wa 15 asingekuwa na kitu cha kusoma kabla ya kuwatangaza wenye heri mwaka 1920. Mkoa wetu nao sasa una mwenye heri wake, Floribert Bwana Chui wa Goma, aliyeuawa mwaka 2007 kwa kukataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisipite mpakani, akatangazwa mwenye heri Roma tarehe 15 Juni 2025. Naye tunamfahamu kwa sababu rafiki zake walikubali kuhojiwa. Kwa waliokufa Beni, nani amehojiwa, na daftari liko wapi?

Kwa hiyo, siku ile moja ya Kampala naitaka kwa ajili ya kazi itakayofanyika hapa. Anayeona jinsi kibandiko kinavyoandikwa Kitante anaweza kuandika kibandiko parokiani. Kabati moja lenye kufuli, katika chumba cha mikutano, linatosha kuanzia: ngoma ya zamani ya kwaya, jembe la mhunzi, rozari ya mbegu, pamoja na daftari la maneno ya wazee, limeandikwa kwa Kinande na kwa Kiswahili, kila ukurasa na jina la aliyesema na tarehe.

Limebaki pingamizi la gharama, nalo ni la kweli. Usiku mmoja zaidi ni kitanda, chakula na ada ya kuingia mahali pawili, na kwa mama anayeuza mihogo hilo si jambo dogo. Naomba kila jumuiya imlipie angalau kijana mmoja, na wafanyabiashara wa shirika letu wanaokwenda Kampala mara kwa mara wachukue vijana wengine wawili wawili. Tarehe 3 Juni ni sikukuu ya taifa nchini Uganda, na mji mzima uko Namugongo. Basi litulie, liondoke asubuhi ya tarehe 5. Tarehe 4 tutakuwa Kitante milango inapofunguliwa. Karatasi ya maswali kwa vijana nimekwisha kuiandaa, ina maswali ishirini, na mawili ya kwanza yanahusu Kasubi: muulize mama anayelinda kaburi la Mwanga anaitwa nani, na ni nani aliyemfundisha kazi yake.